Habari za Kombaini, na Vipuri Viipavyo Uhai

Kila mtu aliyelima nafaka ajua ya kwamba mavuno hayamngoji mwenye shamba. Ngano ikiisha kukauka haina subira: punje hupukutika, ndege hushuka makundi kwa makundi, na mvua ikinyesha nje ya majira yake punje huchipuka zingali shukeni. Mpunga nao ni vivyo hivyo. Kazi ya mwaka mzima, tangu kutifua hata kupalilia, hupatikana au hupotea katika siku chache. Kwa ajili ya siku chache hizo watu walibuni mashine kubwa iitwayo kombaini. Wasomaji wa Mbarali, na wa Narok, na wa Uasin Gishu, wameiona mara nyingi ikipita mashambani, ikimeza mashuke kwa mbele na kutema mabua kwa nyuma.

Watu wengi huitazama mashine hii na kustaajabia nguvu zake. Lakini aliyekaa nayo miaka mingi hustaajabia jambo jingine, nalo ni hili: kitu chenye viungo elfu kadhaa, vyote vikizunguka na kutikisika katika vumbi, chaweza kutengenezwa tena na tena, na kufanya kazi hata baada ya waliokiunda kufa. Basi twataka kueleza asili ya kombaini, na hasa habari ya vipuri vyake, maana mambo haya mawili yamekwenda pamoja tangu mwanzo. Tena mwenye kuyajua hatadanganyika upesi wakati wa kununua au kukodi.

Hapo kale kuvuna kulikuwa na kazi tatu mbalimbali. Ya kwanza ni kukata, kwa mundu. Ya pili ni kupura, kwa kuyapiga mashuke fimbo au kuyakanyagisha ng'ombe. Ya tatu ni kupepeta, ili upepo uchukue makapi na punje zibaki. Huko Ulaya kazi hizi zilianza kupewa mashine moja moja. Andrew Meikle, mtu wa Scotland, aliunda mashine ya kupura yapata mwaka 1786. Patrick Bell, wa nchi hiyo hiyo, aliyekuwa akisomea kazi ya uchungaji, aliunda mashine ya kukata yapata mwaka 1828, wala hakuomba hati ya kujiwekea faida yake peke yake. Alitaka iwafae wakulima wote.

Katika Jimbo la Virginia, huko Marekani, Cyrus McCormick alionyesha mashine yake ya kukata mwaka 1831, akapata hati ya serikali mwaka 1834. Hati ile yalitaja jina la McCormick tu. Lakini yajulikana leo ya kwamba alisaidiwa katika kazi ile na Jo Anderson, mtu wa asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa katika shamba la jamaa ya McCormick. Yeye hakupata hati wala faida. Ni haki jina lake lisomwe hapa pamoja na majina ya wengine.

Waliozitia kazi zote tatu katika mashine moja ni Hiram Moore na mwenziwe John Hascall, wa Jimbo la Michigan, waliopata hati mwaka 1836. Mashine yao ilivutwa na kundi kubwa la farasi, na nguvu ya kuendesha visu na pipa la kupura ilitoka katika magurudumu yenyewe yaliyokanyaga ardhi. Kwa sababu iliunganisha kazi mbalimbali, iliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuunganisha, ndilo tulilolipokea sisi na kulitamka kombaini.

Hali ya hewa ya Michigan ilikuwa na unyevu mwingi, na mashine haikustawi huko. Mwaka 1854 moja ilipelekwa California, nchi yenye kiangazi kirefu na kikavu, ikavuna yapata ekari 600. Ilionekana kana kwamba imepata makao yake. Lakini yasimuliwa ya kwamba mwaka 1856 mashine hiyo hiyo iliteketea shambani, kwa sababu sehemu moja inayoushika mhimili haikutiwa mafuta, ikasuguana hata ikawaka, na moto ukashika mabua. Tangu siku zile hata leo, adui wa kwanza wa kombaini ni yule yule: chuma kinachozunguka bila mafuta katikati ya makapi makavu.

Hapo ndipo wabunifu walipoanza kuona ya kwamba haitoshi mashine iweze kufanya kazi; yapasa pia iweze kutengenezwa na mtu aliye mbali na kiwanda. Katika Jimbo la Iowa alikuwako mtu aitwaye William Dana Ewart, mwuza zana za kilimo. Aliona mashine za wakulima zikisimama katikati ya mavuno kwa sababu ya mnyororo uliokatika, na mwenye shamba akingoja mnyororo mpya hali ngano yake inapukutika. Ewart akabuni mnyororo ambao kila pete yake yaweza kupachuliwa na kupachikwa kwa mkono, akapata hati yake mwaka 1874. Tangu hapo mkulima aliweza kubeba pete chache mfukoni. Ikivunjika moja, aliitoa, akapachika nyingine, akaendelea na kazi kabla jasho lake halijakauka.

Benjamin Holt wa mji wa Stockton, California, aliutumia mnyororo wa namna hiyo katika kombaini yake ya mwaka 1886, badala ya magurudumu mazito ya meno ambayo, yakivunjika jino, yalihitaji kiwanda. Basi angalia, msomaji: mabadiliko haya hayakuongeza nguvu ya mashine hata kidogo. Yaliongeza uwezo wa mwenye mashine, nayo ndiyo yaliyoiwezesha kombaini kuenea katika nchi kubwa ya ngano.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni kulinganisha viungo. Zamani kila fundi alichonga bolti na nati zake kwa kipimo chake mwenyewe. Nati ya bolti hii haikuingia katika bolti ile, hata kama zote mbili zilitoka karakana moja. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi mkuu wa Uingereza, alitoa shauri kwamba bolti zote ziwe na meno ya kipimo kimoja, yenye pembe ya digrii 55. Mafundi wa Uingereza wakalikubali. Lakini mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia, Marekani, alitoa shauri jingine, la digrii 60, na Wamarekani wakalifuata hilo. Basi dunia ikawa na lugha mbili za bolti, na ya tatu ikawa ile ya milimita iliyotumika katika nchi nyingi za Ulaya.

Huenda mtu akadhani haya ni mambo madogo. Hata kidogo! Katika vita kuu ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, Waingereza na Wamarekani walipigana upande mmoja, lakini bolti za mmoja hazikufaa mashine za mwenziwe, na hasara ilikuwa kubwa. Kwa hiyo mwezi wa Novemba mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia sahihi mapatano ya kuwa na kipimo kimoja. Hata hivyo mashine za kale hazikubadilika kwa sababu ya mapatano ya karatasi. Hata sasa fundi anayefungua mashine ya zamani yampasa aulize kwanza: bolti hii inasema lugha gani? Asipouliza, akailazimisha nati kwa nguvu za spana, atayaua meno ya bolti, na kosa la dakika moja litamgharimu siku nzima.

Turudi kwa kombaini. Baada ya farasi na nyumbu ikaja trekta ya kuivuta, na baadaye mashine ikapewa injini yake yenyewe ili ijiendeshe. Kampuni ya Massey-Harris ya Kanada, kwa kazi ya Tom Carroll, mtu wa Australia, ilitoa kombaini ya kujiendesha mwaka 1938, na baada ya hiyo nyingine nyepesi zaidi. Wakati wa vita chuma kilikuwa adimu, lakini kampuni ile iliomba ruhusa kuunda mashine 500 kwa mavuno ya mwaka 1944. Ruhusa ikatolewa. Mashine zile zikaanza kusini mwa Marekani, zikafuata ngano iliyokuwa ikiiva kuelekea kaskazini, zikavuna zaidi ya ekari milioni moja. Jambo hilo halingaliwezekana kama mashine zingalikuwa za aina mia. Zilikuwa za aina moja, na fundi aliyejua moja alijua zote.

Sasa tutazame mfano ulio kinyume chake, nao ulitukia katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, hasa huko Kongwa. Kusudi lilikuwa kulima ekari milioni tatu na zaidi. Kwa kuwa mashine mpya hazikupatikana upesi baada ya vita, zilinunuliwa trekta zilizokwisha kutumika, nyingine zikatoka katika masalio ya majeshi huko Ufilipino. Zilifika zikiwa zimechakaa. Karakana ilikuwa haijawa tayari, vipuri vilikuwa haba, na visiki vya Kongwa pamoja na ardhi yake, inayokauka ikawa kama tofali, vilikula vyuma kila siku. Kabla mwaka ule wa kwanza haujaisha, sehemu kubwa ya trekta zilikuwa zimesimama. Ekari zilizokusudiwa kwa mwaka ule zilikuwa 150,000; zilizofyekwa hazikupita 7,500 hivi. Mwezi wa Januari mwaka 1951 ilitangazwa ya kwamba mradi unaachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea.

Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, nazo ni pamoja na mvua haba na kutowauliza wenyeji habari za ardhi yao. Lakini hii ya vipuri haiwezi kuondolewa. Walihesabu trekta, hawakuhesabu karakana. Mtu akinunua ng'ombe mia bila kutafuta malisho, sisi wanakijiji twajua la kumwambia.

Mfano wa tatu ni mashamba ya ngano ya Basotu na sehemu nyingine za Hanang, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu mwisho wa miaka ya 1960 hata mwanzo wa miaka ya 1990. Mashamba saba makubwa yalifunguliwa katika malisho ya Wabarabaig, nao walilalamika mbele ya mahakama kwa ajili ya nchi yao. Ngano nyingi ilivunwa huko kwa kombaini. Lakini mashine zilitoka mbali, na mashine iliyotoka mbali huvuta vipuri kutoka mbali maadamu ingali inaishi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wazee, na methali hiyo yafaa kuandikwa katika mlango wa kila ghala la mashine.

Huenda msomaji akauliza: je, kombaini ya zamani haifai tena? Yafaa sana, ikiwa mwenyewe ana akili ya kuitunza. Iko shida ya majina, kwa sababu makampuni yaliyoziunda yamebadilika. Massey-Harris iliungana na Ferguson mwaka 1953. Kiwanda cha Kilmarnock, huko Scotland, kilichounda kombaini za Massey, kilifungwa mwaka 1980. Na mwaka 1994 jina la Massey Ferguson likanunuliwa na kampuni ya AGCO. International Harvester, iliyorithi kazi ya McCormick mwaka 1902, ilitia zana zake za kilimo chini ya Case mwaka 1985. Kwa hiyo anayetafuta kipuri yampasa kujua ukoo wa mashine yake, kama vile mtu ajuavyo ukoo wa mchumba wa mwanawe. Mashine ambayo jina lake halimo tena madukani huenda ina ndugu zake huko chini ya jina jingine.

Tena si kila kipuri ni mali ya kampuni iliyounda mashine. Beringi, mikanda na minyororo huundwa na viwanda vingine kwa vipimo vya dunia nzima, na huuzwa mjini kwa nambari. Beringi ni pete mbili za chuma zenye gololi katikati, zinazoushika mhimili uzunguke bila kusuguana. Ukiisafisha utaona nambari yake ubavuni. Katika beringi nyingi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa tano utapata upana wa tundu kwa milimita. Kwa mfano 6205: tano mara tano ni 25, basi mhimili wake ni wa milimita 25. Na 6308: nane mara tano ni 40. Mtoto wa darasa la nne aweza kufanya hesabu hiyo, nayo yaweza kumwokoa baba yake na safari ya bure ya mjini.

Yako mambo mengine machache ambayo mafundi wamejifunza kwa hasara, nasi twaweza kuyapokea bure. Pipa la kupura lina pau za chuma zenye mikwaruzo. Likitiwa pau moja mpya, pau inayoielekea upande wa pili nayo ibadilishwe, ziwe na uzito mmoja. Pipa huzunguka mara mia kadhaa kwa dakika, na likilemea upande mmoja litatikisa mashine yote na kuvunja beringi zake. Visu vya pembetatu vilivyo mbele vyaweza kubadilishwa kimoja kimoja na fundi wa kijijini, kwa nyundo na riveti. Mhimili uliolika waweza kukerezwa upya mjini, lakini chuma kiwe cha ugumu ule ule wa kwanza. Chuma laini hung'aa vizuri siku ya kwanza na kupinda siku ya tatu. Mashine iliyokufa isiuzwe yote kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu: mafundi huichinja, na viungo vyake vizima huendelea kuishi ndani ya nyingine.

Lililo kubwa kuliko yote ni wakati. Kombaini hufanya kazi majuma machache, kisha hulala miezi mingi, na katika kulala huko ndiko inakokufa. Panya hujenga ndani ya makapi na kukata nyaya. Unyevu huleta kutu. Mikanda iliyoachwa imekazwa hunyooka na kuharibika. Basi mavuno yakiisha, makapi yote yatolewe, mikanda ilegezwe, minyororo na visu vipakwe mafuta, betri itolewe, na mashine iwekwe chini ya paa. Siku hiyo hiyo, hali fundi angali akikumbuka kila mlio aliousikia, na aandike katika daftari kila kilicholika, pamoja na nambari iliyopigwa katika kibati cha mashine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipuri hutafutwa mwisho wa mavuno, kuna miezi ya kuulizia na bei haijapanda. Anayeanza kutafuta ngano ikiwa tayari shambani, huyo atalipa bei yoyote atakayotajiwa.

Tena neno hili la kutengeneza si la nchi maskini tu. Kombaini mpya za siku hizi zina kompyuta ndani yake, na wakulima wa Marekani walianza kulalamika ya kwamba wamelipia mashine kwa fedha zao lakini hawana ruhusa ya kuifungua, ila wamngoje fundi wa kampuni. Ndipo Jimbo la Colorado likatunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, ya kuwapa wakulima vipuri, vitabu na vyombo vya kutengenezea zana zao. Jambo alilolifikiri Ewart mwaka 1874 kwa sababu ya pete ya mnyororo, wajukuu wa wakulima wale wamelazimika kulidai kwa sheria. Katika hili kombaini ya zamani ina heshima yake: haina siri. Kila kiungo chake chaonekana kwa macho na kushikwa kwa mkono, na kijana mwenye bidii aweza kujifunza kazi kwayo.

Basi vyama vya wakulima vinavyofikiri kununua kombaini iliyokwisha kutumika, au kupatana na mwenye kuikodisha, na viulize maneno matatu kabla ya kuuliza bei. Vipuri vyake viko wapi, na ni safari ya siku ngapi? Ni nani hapa kwetu ajuaye kuifungua na kuifunga? Italala wapi mavuno yakiisha? Jibu likikosekana, fedha zingali mfukoni na zikae huko kwanza, au zimsomeshe kijana mmoja ufundi. Ngano ya mwaka ujao itaiva kwa wakati wake, na siku itakapoiva haitauliza kama kipuri kimefika.